Tromboni Iliyolala na Maji

Maji yaliyotoka ndani ya tromboni yalikuwa na joto. Si joto la kuunguza, joto la maziwa yakitoka tu kwa ng'ombe. Na tromboni yenyewe ilikuwa imelala sandukuni tangu Sabato iliyopita, hakuna aliyeigusa.

Mzee Ongeri alikuwa na mazoea yake. Kila Ijumaa mchana, kabla jua halijazama na Sabato kuingia, kazi zote zikatazwe, alikaa nyuma ya jikoni karibu na migomba, karai la maji vuguvugu miguuni. Alianza kuchomoa kipande cha kupulizia, akikizungusha taratibu, maana ukikigonga kinakwama. Kisha alilegeza parafujo na kuutenga ule mkono mrefu unaovutwa kutoka kwenye lile koo lenye mdomo mpana. Aliinamisha mkono maji ya pumzi yadondoke, ndipo akapitisha brashi, akasuuza, akafuta, akapaka mafuta.

"Baba Lavender," mkewe Drusilla alimtania huku akichambua mboga za chinsaga, "watoto wako uliwahi kuwaogesha hivyo?"

"Watoto walikuwa wananikojolea. Hii ina adabu."

Halafu akakinga kiganja chini ya bomba. "Drusi. Hebu shika hapa."

Drusilla akashika, akafuta vidole kwenye leso upesi. Harufu yake ilikuwa ya chumba alimolala mgonjwa, madirisha yamefungwa.

Siku ya soko Drusilla alikwenda Keroka kwa Kaltuma, yule mama muuza vyombo vikuukuu aliyewauzia tromboni. Kaltuma alimvuta nyuma ya masufuria yaliyoning'inia, akapunguza sauti.

"Kuna aliye ndani, Mama Lavender. Hana fujo. Shida yake hana pumzi yake mwenyewe. Mtu akipiga, anaacha yake humo pamoja na maji. Ikifunguliwa papo hapo na kukaushwa, yeye hapati kitu. Maji yakilala humo, analala nayo, na akiamka amezoea."

"Na ukatuuzia?"

"Nilimwambia mzee, wimbo ukiisha tu ifungue, kila kipande kivyake. Akanijibu alikuwa anatunza vyombo vya kupuliza kabla sijazaliwa."

Jioni hiyo Drusilla akamweleza mumewe. Mzee Ongeri alimsikiliza mpaka mwisho, maana hakuwa mtu wa kumkata mke maneno.

"Wimbo wa mwisho unaisha Sabato saa sita," akasema. "Nitoe karai na brashi mbele ya kanisa? Nikisugua bomba siku ya Bwana, wiki ijayo utanipa jembe nikalime."

"Hata kitambaa tu?"

"Kitambaa ni kazi, mama."

Basi ikawa inalazwa na maji yake kila Sabato, na mzee akaanza kupungua. Kwanza aliruka ubeti. Baadaye akawa anakaa chini kati ya nyumba na shamba la chai, mkono kifuani, akisema ni kilima. Daktari wa Kisii alimsikiliza mbele na mgongoni, akasema kifua ni kisafi. Mchungaji akaja kuomba, akaweka mkono juu ya kichwa cha mzee, kisha juu ya sanduku, na mkono wa sandukuni akautoa upesi bila kusema kwa nini. Na bado Sabato ikifika mzee alipanda mbele kupiga, kwa sababu ni wakati ule tu, mdomo ukiwa kwenye kile kipande, pumzi ilipomrudia kama ya kijana, na nani angemwambia aache.

Halafu akawa wa kitandani, na tromboni ikabaki sandukuni na maji yake.

Sabato moja mchana, watu wote wamepumzika, hata kuku wametulia kivulini, Drusilla alikaa sebuleni peke yake na sanduku, akasikia kitu ambacho mwanzo alidhani ni upepo kwenye migomba, lakini migomba ilikuwa imesimama kimya, na alipotazama vizuri akaona kifuniko cha sanduku kinapanda kidogo, kinashuka, kinapanda, kinashuka, kama blanketi juu ya mtu aliyelala vizuri baada ya kushiba, na harufu ile ya chumba kilichofungwa ikajaa nyumba nzima.

Akasema, "Nyasae, Mungu wangu, nisamehe, hii kazi nitaifanya." Akafungua sanduku. Alikuwa ameona mumewe akifanya miaka mingi. Akazungusha, akalegeza, akavuta mkono ukatoka, akauinamisha juu ya karai, na maji yakaanza kudondoka, kisha kumiminika, maji yenye joto, maji ambayo bomba jembamba namna ile haliwezi kuyabeba, yakafika nusu ya karai na yanaendelea, na ndipo akagundua kwamba kutoka chumbani hamsikii tena mzee akikoroma.

Alikimbia. Mzee Ongeri alikuwa amefungua mdomo na macho, kifua kimesimama, midomo inageuka rangi, akimtazama mkewe kama mtu aliye chini ya maji.

Drusilla akarudi sebuleni, akaingiza mkono wa tromboni kwenye koo lake, akakosea, akaingiza tena, akakaza parafujo, akachomeka kipande cha kupulizia. Chumbani mzee akavuta hewa kwa sauti kubwa, kama mlango wa zamani.

"Sasa nifanye nini?" alimuuliza Kaltuma baadaye.

Kaltuma alitazama pembeni. "Usiifungue tena, mama. Pumzi ya mzee sasa yote imo humo. Na isikauke."

"Itakaukaje na maji yale?"

"Umeyamwaga."

Ilianza kukauka kweli. Siku baada ya siku mkono ulikwaruza ukivutwa, hata ukiupaka mafuta, na kila ulipokwaruza mzee alikohoa. Yeye mwenyewe hakuweza tena kuinua chombo.

Kwa hiyo asubuhi moja, kabla ya kuchuma chai, Drusilla aliinua tromboni, akaweka midomo pale midomo ya mumewe ilipokuwa inakaa. Hakuwahi kupiga maishani. Sauti iliyotoka ilikuwa ya ndama. Akapuliza tena, ndefu, mpaka kuta zikazunguka na akashikilia meza.

Kutoka chumbani ikaja sauti ya mzee, nzito, yenye nguvu, ambayo nyumba ile haikuwa imeisikia tangu mwaka jana.

"Drusi! Umeniwekea chai?"

Drusilla alifungua mdomo ajibu, na hakukuwa na pumzi ya kujibia.