Pua ya Ilyas

Saa kumi na moja jioni, kituo cha Schuman, abiria walibanana milangoni mwa metro. Katika behewa la mwisho viti vilikuwa vitupu kumzunguka mwanamke mmoja, Mwanvua, aliyevaa koti la kijivu na kilemba cha zambarau. Macho yake yalikuwa yamelowa. Miguuni pake alilala mbwa mweusi, Bobby, aliyemchokoza kicheche kwenye ukingo wa msitu, kule Auderghem, akamwagiwa uvundo wake wote.

Mlinzi mmoja wa ofisini, mrefu, sare imenyooshwa vizuri, aliingia akaketi kando yake. Jina lake Ilyas, mtu wa Bujumbura kama yeye.

"Weye hukimbii?" Mwanvua aliuliza.

"Nikimbie wapi, ma chérie? Nimesimama tangu asubuhi."

Mwanvua alicheka, mara ya kwanza wiki ile. Akamweleza kwamba anamtunza bibi mzee, mwenye mbwa huyo, na analala kwake. Mtoto wa bibi angekuja Jumapili. Akikuta nyumba inanuka, kazi na chumba vingekwenda pamoja.

Walipigiana simu kila siku. Mwanvua alimwambia shoga yake kuwa amempata mwanamume asiyewakimbia watu.

Jumamosi Ilyas alikuja nyumbani kwa bibi na vitu alivyoelekezwa na muuza dawa: maji ya oksijeni ya kusafishia vidonda, bicarbonate, ile magadi ya kuokea, na sabuni ya vyombo. Walivichanganya kwenye ndoo wazi, kwa kuwa ndani ya chupa iliyofungwa vingelipuka. Ilyas alikunja mikono ya shati, akasema baadaye atanawa mara saba, kama Mwislamu aliyegusa mbwa. Alimsugua Bobby taratibu, akikinga macho yake, wakamsuuza. Muuza dawa alikuwa amesema harufu ikibaki warudie.

"Nusa," Mwanvua alisema. "Pua yangu imeshazoea, haijui tena."

Ilyas aliinama juu ya mbwa, akakawia.

"Bon, imeisha."

Haikuwa imeisha. Jumapili mtoto wa bibi alisimama mlangoni, kitambaa puani, na kabla ya adhuhuri Mwanvua alikuwa barabarani na sanduku lake.

Alihamia Laeken, kwa shangazi yake, akalala sakafuni. Simu za Ilyas hakuzipokea. Wiki ya pili Ilyas alikuja mwenyewe. Shangazi alimkaribisha jikoni, akawaachia nafasi.

"Ulinidanganya kwa nini?"

"Miye sisikii harufu, Mwanvua. Tangu quatre-vingt-quinze, tisini na tano, wakati wa vita kwetu. Walinipiga nyundo hapa kisogoni. Niliona haya kukuambia."

Mwanvua alichukua kitambaa cha kufutia meza.

"Donc kwenye metro ulikaa sababu hukusikia kitu. Na miye nikasema huyu ana roho."

"Sikusikia kitu. Lakini niliona wote wanakuondokea, na ulikuwa unalia."

Ilyas akasema amekuja kumwoa kama bado anamtaka, na kwamba chumba chake ni kidogo ila kina dirisha.

"Kuolewa na mutu ambaye ameniponza, akaona haya kusema neno moja?" Mwanvua alifuta meza iliyokuwa safi tayari. "Nani alikupiga?"

"Tuache hiyo."

"Basi mlango ni ule. Miye siolewi na anayenificha."

Ilyas aliutazama mlango. Hakuondoka. Mwanvua alivuta kiti cha pili, akaketi mbele yake, akangoja. Hatimaye Ilyas akalitaja jina: la jirani yake, waliyesali naye msikiti mmoja, aliyeijua nyumba yao kwa kuwa alikuwa akila humo.