Vidonge vya Kananu

Kananu alikuwa jirani yangu hapa Githongo. Mashamba yetu ya kahawa yamepakana. Alikuwa na kifafa. Hospitalini walimpa vidonge vya kuzuia kuanguka, ambavyo pia hutuliza wasiwasi, na kweli akaacha kuanguka. Mama mkwe wake, Marcella, ndiye aliyempa kila siku baada ya chai.

Lakini Kananu alibadilika. Alisinzia akichuma kahawa. Alitembea akiyumba, ulimi mzito kama wa mlevi. Alisahau jina la dada yake mwenyewe. Mchana mmoja, nikiwa nimeketi naye chumbani, alinishika mkono.

"Mama mkwe amesimama pale pembeni," alininong'oneza. "Haongei."

Nilichungulia dirishani. Marcella alikuwa shambani, anapalilia.

Mume wa Kananu, Mutwiri, naye aliambiwa vivyo hivyo. Akaita watu wa maombi. Wakasema vidonge vimefanyiwa kitu na huyo anayevitoa. Mutwiri akavimwaga chooni. Marcella hakujitetea. Aliomba jambo moja tu.

"Mwanangu, nichukie mimi. Lakini dawa usiikatize ghafla. Daktari alituonya."

Wakasema mchawi anatetea kazi yake. Mutwiri akampandisha gari la Kianjai, aende kwa kaka yake Kaburu, asirudi. Hakuna aliyempa mkono.

Mwanzoni Kananu alichangamka, wakamshukuru Mungu kwa sauti. Kisha mikono ikaanza kutetemeka. Usingizi ukamtoroka. Asubuhi moja akaanguka. Akatulia. Akaanguka tena. Alifia njiani wakimkimbiza hospitali.

Daktari alimweleza Mutwiri polepole. Usingizi, kuyumba, kusahau, hata kuona watu wasiokuwepo, dawa ile huweza kuyaleta. Wangerudi kwake, angeipunguza kidogo kidogo. Kuikatiza ghafla huweza kurudisha kifafa kwa nguvu zaidi.

Mutwiri alimpigia Kaburu simu, apate kumwomba mama yake msamaha.

"Dada yangu hajafika huku," Kaburu akasema.

Dereva alikumbuka kumshusha sokoni Kianjai. Kutoka hapo, hakuna aliyemwona.

Baada ya mazishi Mutwiri aliniomba nimsindikize jikoni kwa mama yake kuchukua sufuria. Mlango alikuwa ameufunga mwenyewe kwa kufuli siku alipomfukuza, na ufunguo ulikuwa mmoja, alio nao yeye. Akafungua.

Ndani hapakuwa na mtu. Kati ya mafiga, makaa mekundu. Nduma zilikuwa zinatokota, maji bado hayajakauka.

Kando ya mafiga, sahani mbili.