Jiwe Jeupe la Safu ya Kumi na Nne

Tii! Kompyuta ililia mara moja, kisha feni yake ikaanza kuunguruma. Nje kulikuwa bado giza. Nilikaa mbele yake na kikombe changu cha chai, nikangoja. Nilikuwa nimegundua jambo moja: alfajiri, kabla ya joto, haijizimi haraka.

Mume wangu alikuwa mtunza makaburi. Kwa miaka thelathini na miwili aliandika kila aliyezikwa kwenye kitabu kikubwa. Panya walipoanza kukila kitabu, alinunua kompyuta ya mezani iliyokwisha tumika. Akahamisha orodha yote kwa vidole viwili, siku baada ya siku. Alipomaliza mstari wa mwisho alikuja jikoni, akanioshea vyombo vyote. Hiyo ndiyo ilikuwa sherehe yake.

Kitabu kikatupwa. Miaka mitatu baadaye yeye mwenyewe akafariki. Orodha ikabaki mahali pamoja tu, ndani ya kompyuta ile.

Watu waliendelea kubisha hodi. "Mama, baba yetu yuko wapi? Kibao kimeoza." Mimi nilifungua orodha, nikawaambia safu na namba. Walishukuru, wengine walilia, nami nililia nao kidogo.

Kisha skrini ikaanza kugeuka bluu. Orodha ilipotea ghafla, yakatokea maandishi meupe, halafu mashine ikajizima na kujiwasha yenyewe. Mara nyingine baada ya saa nzima, mara nyingine baada ya dakika tano. Niliogopa. Kila ilipotokea, nilichomoa waya ukutani.

Wakati huo ndipo alipokuja mshona magodoro. Ni mwanamke wa rika langu, vidole vimejaa alama za sindano.

"Namtafuta mwanangu," alisema. "Wa kike. Alikuwa na miezi saba. Siku ya kumzika mimi nilikuwa hospitali, sijitambui. Baba yake ndiye aliyejua mahali."

"Hukumwuliza?"

"Nilimwuliza mara moja. Alilia sana, nikaacha. Sasa naye hayupo." Akafuta macho kwa kiganja. "Daktari ameniambia, mwaka huu ukiisha nisitegemee kuona. Nataka nipaone mahali pake, dada. Nipaone kwa macho yangu."

Nilifungua orodha mbele yake. Bluu. Akaja wiki iliyofuata. Bluu tena. Mara ya tatu alinishika bega, akaniambia, "Si kosa lako. Nitarudi." Anakaa mbali, na njia nzima anatembea akipapasa kuta. Lakini yeye ndiye aliyenipa pole.

Kwa sababu yake niliamka alfajiri ile. Orodha ilifunguka. Kabla sijaandika jina la mwanawe, bluu.

Kulipokucha, mwanangu, dereva wa lori, alipita kunijulia hali. Akanikuta nimeinamia meza.

"Mama, hili dude limekwisha. Nalipeleka dukani wakalifute lote, waweke programu upya. Litakuwa kama jipya."

"Na orodha ya baba yako?"

"Wataona la kufanya."

Akalibeba kasha la kompyuta hadi mlangoni. Hapo akakutana na jirani yetu. Huyo ni fundi, anafundisha wanafunzi kutengeneza kompyuta. Mtaa mzima tunamwita Bisibisi, maana haikosekani mfukoni mwake.

"Unampeleka wapi mgonjwa?" aliuliza.

"Akafutwe."

"Weka chini, dereva! Ukifuta hiyo, umewazika watu wote mara ya pili."

Mwanangu akaweka chini. Bisibisi akaketi karibu nami, akauliza polepole. "Bibi, inazima wakati gani? Maandishi yanasemaje?"

Nikamsimulia habari ya mshona magodoro, nikamletea kalenda ya ukutani. Nilikuwa nimeandika kila siku na saa. Na maandishi meupe niliyanakili neno moja moja, bila kuyaelewa.

"Wanafunzi wangu hawafanyi hivi!" alisema. "Umenirahisishia nusu ya kazi. Maandishi hayo si matusi, ni mashine inataja kinachoiuma. Ila waya usichomoe ghafla tena. Iache ijizime, usije ukaharibu na orodha."

"Basi tuanze kuitengeneza," alisema mwanangu.

"La. Kwanza nakala. Mashine ikiwa mgonjwa, unaokoa kilichomo kabla ya kugusa chochote."

Alichomoa umeme, akagusa chuma cha kasha kwanza. Alisema umeme mdogo wa mwilini unaweza kuua vipande vya ndani. Akatoa diski, akaiunganisha na kompyuta yake, akanakili orodha kwenye flashi mbili.

"Nimfungulie yule mama sasa hivi?" aliniuliza.

"Tumngoje mwenyewe," nilisema. "Si yangu kuisoma kwanza."

Kisha akatazama juu ya kiti. "Na hili koti? Naliona kila nikipita dirishani, limefunika kasha."

"Nailinda na vumbi."

"Ehe! Mgonjwa ana homa, nawe unamvika koti! Bibi, matundu haya ndiyo pua yake." Akacheka, kisha akaniona uso. "La nani?"

"La mzee."

 Alilikunja koti vizuri sana, mikono ndani, akanipa mapajani. Sikusahau alivyolikunja.

Ndani vumbi lilikuwa kama pamba. Alilisafisha kwa brashi laini, akiishika feni isizunguke. Akarudisha diski, tukawasha. Baada ya saa mbili, bluu.

"Nilisema mimi!" alisema mwanangu.

"Joto lilikuwa tatizo moja. Kuna jingine. Tunabadilisha kitu kimoja, tunapima. Ukibadilisha vitano kwa pamoja hutajua kipi kilikuwa kibovu."

Ndani kulikuwa na vipande viwili vyembamba vinavyoitwa ramu. Hapo ndipo kompyuta inaposhika mambo ya kazi ya wakati ule. Alizima, akatoa kimoja, akaiacha mashine ijipime. Kikafaulu. Akaweka kingine mahali pale pale. Makosa yakajaa skrini.

"Huyu hapa mwizi wetu," alisema. Akakiweka kando, akarudisha kile kizima. Kompyuta ikakesha, na kesho yake ikashinda. Haikugeuka bluu.

Jumamosi mwanangu alikwenda mwenyewe kumchukua mshona magodoro kwa lori, akampandisha kama anapandisha yai. Nikaandika jina la mwanawe. Mstari mmoja ukatokea. Nikausoma kwa sauti.

"Safu ya kumi na nne, kaburi la sita. Mtoto wa kike, miezi saba. Mama yuko hospitali. Nimeweka jiwe jeupe, ili alione akija."

 Mshona magodoro alisogea hadi pua ikakaribia kugusa skrini, akaweka kidole kwenye mstari ule. Mume wangu hakuwahi kuniambia habari ya jiwe hilo.

Tulikwenda siku ile ile. Mwanangu alihesabu safu kwa hatua. Kwenye kaburi la sita kulikuwa na majani tu. Akapiga magoti, akachimba kwa vidole, akalitoa jiwe, dogo kama mkate. Akalifuta kwa shati lake hadi likawa jeupe.

Mshona magodoro aliinama. "Naliona," alisema. "Naliona." Kisha akalia kilio cha miaka mingi, nasi tukamwacha alie.

Sasa flashi moja iko ofisi ya makaburi, nyingine kwangu, na orodha yote imechapwa kwenye karatasi. Koti linaning'inia nyuma ya mlango.

Mstari ule nilimchapia kwenye karatasi ya peke yake. Tulipomfikisha kwake aliikunja, akaificha kifuani, akanishika mkono.

"Karatasi nitaitunza, dada. Lakini karibuni sitaweza kuisoma. Uje unisomee. Na ukishanisomea, siku nyingine uje tena."