Maganda Makavu

ALHAMISI, JIONI

Nyuma ya duka la kinyozi mmoja Thamesmead, London, kulikuwa na chumba kisicho na dirisha, na humo ndimo Njenga alimopangia kazi zake. Wanaume watatu, meza moja, hita mbovu. Mwaka ni 2001. Bastola zilikwisha pigwa marufuku, na risasi za kununua zilikuwa adimu kuliko jua la Januari. Ndiyo maana Baudouin alikuwa na kiti pale mezani. Zamani, Kongo ilipoitwa Zaire, alikuwa fundi wa silaha jeshini, huko Uvira. Mpe ganda la risasi iliyokwisha fyatuliwa, atakurudishia risasi nzima.

"Jumamosi asubuhi," alisema Njenga, Mkenya mfupi anayepiga pasi hata jinzi. "Duka la dhahabu, Hounslow. Tunaingia, tunabeba, tunatoka. Gires anabaki kwa gari. Buda," akamgeukia Baudouin, "mimi nataka risasi sita kesho."

"Sita si shida," Baudouin alisema. "Nitapaka maganda mafuta leo leo."

"Mafuta hapana."

"Njenga, ganda la shaba linataka mafuta kidogo. Unalisukuma ndani ya kalibu ya chuma, linabanwa mpaka lirudie umbo lake. Likiwa kavu linanasa. Likinasa, kalibu imekufa. Na tuko nayo moja tu."

"Nimesema hapana! Ile kazi ya Peckham, jamaa alipaka mafuta kama anakaanga mandazi. Mwenye duka amesimama mbele yangu, navuta, tik. Navuta tena, tik. Mafuta yaliingia kwa baruti. Nilitoka pale mbio kama mwizi wa kuku, bana."

"Kwa sababu hakufuta. Unapaka, unabana, unafuta. Ndiyo kazi yenyewe."

"Kavu."

"Itanasa, nakuambia."

"Nani anabeba hiyo bunduki, mimi ama wewe? Kavu!"

Gires alicheka. Gires ndiye dereva, mtu wa Goma, mwili wa mlinzi na moyo wa sungura. Yeye na Baudouin walisali kanisa moja. Baudouin naye hakukasirika. Tuseme ukweli, alifurahia. Wiki nzima hakuna mtu aliyekuwa amebishana naye juu ya kitu chochote.

Kisha Njenga akasema, "Mlango wa duka hufunguliwa kwa kitufe cha ndani. Mzee anafungulia anaowajua tu. Na wewe anakujua."

"Mzee gani?"

"Si huyo Mhindi wako. Chandrakant."

Baudouin alimgeukia Gires. Gires akaanza kukagua viatu vyake. Mdomo wake ndio uliouza habari.

Chandrakant alizaliwa Mwanza, na sasa aliishi Stanmore na mkewe, Pramila. Baudouin alimfahamu kwa ajili ya pete. Mke wa Baudouin, Marie-Claire, alipofia katika kambi ya wakimbizi, Baudouin alibaki na pete yake, akaipeleka dukani itanuliwe, aivae mwenyewe. Mzee akamsikia akihangaika na Kiingereza, akamuuliza kwa Kiswahili, "Ndugu, wewe ni wa wapi?" Basi. Tangu hapo kila Jumamosi, kabla wateja hawajaja, Baudouin alikuwa na kigoda chake na chai ya tangawizi. Walibishana kuhusu samaki gani mtamu, wa ziwa gani. Mzee alimtania kwamba Wakongo wanaoa kwa mahari ya suti. Siku nyingine zote Baudouin alikaa katika chumba alichopewa na Njenga baada ya serikali kumkatalia ukimbizi, akisikiliza televisheni ya jirani kupitia ukuta. Ilifika jioni akajisikia akikohoa ili asikie sauti ya mtu.

"Hutaharibikiwa," Njenga alisema. "Nakuja nyuma yako, nakuwekea chuma kichwani. Wewe ni mateka, masikini wa Mungu. Jumamosi ijayo unarudi kunywa chai yako."

"Sasa risasi za nini?"

"Akileta ujinga."

Baudouin aliinuka, akavaa koti. Alikuwa amesikia habari ya Peckham vizuri sana. Njenga alivuta mara mbili mbele ya mtu aliye hai, na kilichomuudhi mpaka leo ni mafuta.

IJUMAA, MCHANA

Kopo la mafuta lilikuwa ndani ya droo. Baudouin alilitoa, akaliangalia, akalirudisha. Alikuwa amebishana jana mpaka mate yakamkauka. Leo aliamua kutii.

Akachukua ganda, kavu kabisa. Akalitia mashineni, akashusha mkono wa chuma kwa nguvu zake zote. Ganda likalia. Alipovuta mkono juu, ukingo wa ganda ukang'oka na lililobaki likasalia ndani ya kalibu, limekazana humo. Hakuna koleo ambayo ingelitoa.

Baudouin akaketi sakafuni. Alifurahi mpaka akajishangaa. Akampigia Njenga simu.

Njenga alifika na Gires, akainama, akachungulia kalibu.

"Ulijua."

"Nilikuambia. Gires alikuwepo."

"Ni kweli, alisema," Gires akanong'ona.

Njenga alikunja uso. Amri ilikuwa yake, angemlaumu nani?

"Basi kazi imekufa?" Baudouin aliuliza, kwa haraka mno.

"Nani amesema imekufa? Mnunuzi anangoja. Mzee ataona bunduki, hataona tumbo lake. Kesho tunaenda na chuma kitupu."

Ile furaha ikamtoka Baudouin yote. Jioni aliingia katika kibanda cha simu. Namba ya dukani aliijua kwa moyo. Akainua mkono wa simu, akawaza: nikimwambia, ataniuliza nimejuaje. Akaurudisha. Akajiambia bunduki tupu haiui mtu, mzee atapoteza dhahabu tu, na wao watabaki na Jumamosi zao. Alijidanganya hivyo njia nzima.

JUMAMOSI, SAA NNE KASORO

Baudouin akabonyeza kengele. Kupitia kioo, Chandrakant akainua uso, akatabasamu, akabonyeza kitufe.

Mlango ukafunguka. Njenga akaibuka kutoka ubavuni, kofia imemfunika uso, akamsukuma Baudouin ndani na kumwekea mtutu sikioni. Alifoka kwa Kiingereza: sefu, haraka, ama namwaga ubongo wa huyu!

Chandrakant hakuitazama sefu. Alitoka nyuma ya kaunta, mikono wazi, akija moja kwa moja kwenye bunduki.

"Mwache! Chukua vyote, mwache!" Woga ulimfanya asahau Kiingereza. "Huyu ndugu yangu! Nipige mimi, huyu hana mtu!"

Uso wake ukawa wa kijivu. Mkono ukashika kifua. Akaenda chini taratibu, amejishikilia kwenye kaunta.

"Mzee!" Baudouin alipiga kelele. "Mzee, usiogope! Bunduki haina kitu!"



Njenga ndiye aliyeelewa kwanza. Akamtwanga Baudouin kwa kitako cha bastola, akatoka mbio mikono mitupu. Nje hakukuta gari. Gires alikuwa ameshaondoka zake. Njenga akabaki anakimbia barabara kuu ya Hounslow, kofia usoni, akina mama na mifuko yao wakimpisha.

Mlango ulikuwa wazi. Baudouin hakutoka. Alipiga magoti, damu ikimtiririka shingoni, akamfungulia mzee kola.

"Vuta pumzi, mzee. Taratibu."

Chandrakant alivuta. Rangi ikaanza kumrudia. Akamtazama Baudouin, akautazama mlango, akamtazama tena.

"Umejuaje haina kitu?"

Baudouin alifungua mdomo. Uongo haukuja.

"Mimi ndiye niliyetakiwa kutengeneza risasi. Nikaharibu makusudi, mzee. Niliacha maganda makavu yanase. Yule angekuua."

"Ulijua tangu lini?"

"Alhamisi."

"Namba yangu unayo."

"Ninayo."

Mzee akatikisa kichwa. Akaunyoosha mkono chini ya kaunta, akabonyeza kengele ya polisi. Akajikokota mpaka kwenye simu, akampigia Pramila, akaongea naye Kigujarati kwa sauti ya chini, na pale katikati ikakatika kwa kilio. Baudouin alingoja amalize.

"Mzee, nisamehe. Sina mtu mwingine."

Chandrakant alimjibu kwa Kiingereza. Alikitumia kile cha wateja, cha taratibu na cha adabu: tafadhali kaa pale mlangoni, usinisogelee, polisi wako njiani.

"Mzee Chandrakant. Nisikilize kidogo tu."

Akajibiwa yale yale, kwa Kiingereza kile kile. Baudouin akaenda kukaa mlangoni.