Kule Ni Mtoto wa Nne

— Tamar, banasema nikuache.

Tamar hakuinua macho. Mguu wake uliendelea kukanyaga mashine, sindano ikala kitambaa mpaka mwisho wa upindo, ndipo akakata uzi kwa meno.

— Banasema nani?

— Familia yenye itanipokea kule Kasese.

— Batu habajaona hata nyayo yako, na bamekwisha kukuchagulia mutu wa kuacha?

Siméon akajikalisha kwenye kizingiti cha nyumba ya kina Tamar, pale Mususa, mtaa wa Butembo, kama mtu aliyeleta habari za msiba. Kijana alikuwa na diplome ya État, cheti cha kumaliza sekondari, alikuwa na nafasi katika shule ya wauguzi ng'ambo ya mpaka, Uganda. Tena alikuwa na Jumapili tatu ambazo kanisani alitazama ukuta, hakumtazama Tamar. Na hawa walikuwa wamependana miaka mitatu! Vita viliwakuta wakiwa wawili. Kila mara risasi ziliponyamaza Butembo, Siméon ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika Mususa kuhesabu kama watu wa nyumba ile wako wote.

— Nani alikuletea hayo maneno?

— Yaya Virginie, dada yangu mukubwa. Anauza chumvi Beni, unajua. Ule mama wa Kasese njo anamuletea chumvi ya Katwe. Alimuambia kwa kinywa: kijana akuje bila mutu nyuma yake. Bako na binti, Biira. Donc, basi...

— Donc nini?

— Donc banataka nikuwe mukwe.

— Na barua?

— Barua haisemi vile. Barua ni fupi.

— Leta.

Ilikuwa imeandikwa kwa Lukonzo, lugha ya Kasese, na Lukonzo na Kinande cha Butembo ni watoto wa tumbo moja. Tamar aliishia darasa la sita, lakini barua aliisoma kama anavyoshona, bila kuruka mahali. Ilisema hivi: "Siméon, sisi ni watu wa kanisa. Mume wangu ni mwalimu, mimi nauza chumvi. Tuna watoto wawili, Biira na Kule. Utakula tunachokula. Utakuwa mtoto wetu. Mimi Mama Biira."

Akaisoma mara ya pili. Kidole kikasimama.

— Siméon, jina yako ya kwetu ni nani?

— Unaniuliza jina leo? Kakule!

— Juu ya nini Kakule?

— Juu niko mwanaume wa ine. Paluku, Kambale, Kasereka, halafu mimi.

— Na kwa Bakonzo, Kule ni nani?

Siméon akainama juu ya barua.

— Njo Kakule yao.

— Basi batatu ba mbele yake bako wapi? Na Biira ni binti wa pili. Masika wao, wa kwanza, yuko wapi? Batoto bane, Siméon! Unaenda kulala ndani ya nyumba yenye inakosa batoto bane. Na kitu yenye umejifunza juu yao ni moja tu: habataki mimi?

— Sikuhesabu.

— Na jina unabeba!

Akakunja barua, akamrudishia.

— Kwetu binti haendi ku ndoa kama shangazi hajafika kuangalia ile nyumba. Wewe unaenda miaka mitatu na hakuna mutu ameuliza kitu. Ule mama anakuja soko ya Beni siku gani?

— Jumatano.

— Tutaongea naye ku phonie ya kanisa. Mimi na wewe.

— Yaya atakasirika.

— Mi sioni yaya hapa. Naona Kakule. Unakuja ao haukuji?

Siméon akakuna kichwa, akakuna tena.

— Nakuja.

Siku hizo barabara ya Beni ilikuwa na vizuizi vya askari kama shanga shingoni, na simu zilikuwa hazijafika. Redio ya kanisa, ile watu wanaita phonie, ndiyo ilikuwa kinywa cha mji. Siméon akatuma ujumbe: "Yaya, ulete Mama Biira Jumatano saa ine. Nataka kumushukuru." Jibu likaandikwa na papa Kitsa, fundi wa phonie, naye akamsomea Siméon kwa sauti mbele ya msururu wote:

— "Ni vizuri. Ongea na heshima. Ule mushonaji usimutaje hata kidogo. Virginie."

Msururu ukacheka. Siméon akatamani ardhi immeze.

Jumatano saa nne kamili, chumba cha phonie kilikuwa kimejaa. Kulikuwa na wachuuzi wanaotafuta lori lao lililokwama Alimbongo, na mwanamke mmoja aliyekuwa akingoja sauti ya mume wake, mchimba dhahabu wa Manguredjipa. Sheria ya phonie kila mtu anaijua: unabonyeza, unasema, unamaliza na "à vous", yaani zamu yenu, na wote wanasikia, hapa na kule.

— Beni, Beni, hapa Butembo. À vous, papa Kitsa akaita.

Sauti ya mwanamke mtu mzima ikatoka, imechanganyika na mikwaruzo.

— Niko hapa. Ni mimi Mama Biira. À vous.

Siméon akashukuru, akashukuru tena, jasho likimtoka kana kwamba anafanya mtihani. Tamar akanyoosha mkono, akachukua kipaza sauti taratibu.

— Wavukire, mama. Mi ni Tamar, muchumba wa Siméon. À vous.

— Muchumba? Virginie aliniambia kijana hana mutu! À vous.

— Eeeeh! chumba kizima kikalia.

Mwingine angerukia hapo hapo. Tamar hakuruka.

— Iyo tutaifikia, mama. Mbele nikuulize. Masika yuko wapi? Na Baluku, na Bwambale, na Masereka? À vous.

Papa Kitsa akagusa waya za betri. Wachuuzi wakasogea karibu kusikia.

— Mutoto, sauti ikarudi, imeshuka. Masika alikufa akizaa. Baluku alienda na surua, alikuwa hajatembea. Bwambale na Masereka, bapiganaji ba mulima balibabeba bakitoka shamba. Ni mwaka wa ine. Hakuna barua, hakuna kaburi. Batu wote banakuja kuniuliza bei ya chumvi. Hakuna mwenye aliniuliza majina yao. À vous.

Tamar akajifuta macho kwa mkono wa gauni.

— Pole, mama. Hapa tumesikia majina yote. Ya mwisho: ni wewe uliomba Siméon aniache? À vous.

— Akuache? Mimi? Biira yangu iko na bwana, na tumbo ya miezi saba! Niliomba kijana wa kukula meza moja na Kule, juu nyumba imekuwa kubwa sana. Mukwe sikuomba. Virginie! Usitoke. Kuja useme hapa!

Kukasikika vuta nikuvute, kisha Virginie, pumzi juu:

— Siméon, nilifanya juu yako! Wewe infirmier, muguzi muzima, umuoe mutu mwenye aliishia sixième primaire? Nilidhani ukifika kule, utatafutiwa binti wa batu bakubwa!

— Sema à vous! papa Kitsa akamkemea.

— À vous!

— Na chumvi, yaya? Tamar akauliza bila kupandisha sauti. À vous.

Mama Biira ndiye aliyejibu:

— Aaah! Njo maana ananiita mama mukwe! Anataka chumvi yote ya Beni ipite kwake peke yake!

Chumba kikapasuka kwa kicheko. Siméon hakucheka. Akachukua kipaza sauti.

— Mama, yaya yangu aliongopa na mi nikamezea, hiyo ni aibu yangu. Lakini usikie: hata kama ingekuwa sharti yako, ningeacha nafasi. Tamar siachi. À vous.

— Sharti niko nayo, na ni moja. Usivuke mupaka wa Kasindi kama haujaenda kwa bazazi ba Tamar. Mutoto wangu hangojeshi binti wa batu bila neno. À vous.

Siméon akamgeukia Tamar, macho yote yakiwa kwao.

— Umesikia mama. Nilete bazee?

— Jumapili tatu ulinikimbia juu ya kinywa ya mutu. Siku utasikia lingine, utafanya nini?

— Nitakuja kukuuliza wewe mbele.

— Sijasikia. Bonyeza, Beni nao basikie.

Akabonyeza, akasema. Kule Beni wakapiga vigelegele mpaka redio ikalia kama paka.

— Basi balete, Tamar akasema. Papa Kitsa, zamu yetu imeisha. Ule mama anangojea bwana yake.

Mbuzi wa mahari walipanda Mususa majuma mawili kabla ya masomo. Mbele ya wote alikuwa Virginie mwenyewe, kwa amri ya wazee, pagne lake zuri la kitenge limejaa matope, akivuta beberu aliyekataa kutembea. Akagonga mlango.

— Munatafuta nani? shangazi yake Tamar akauliza kutoka ndani.

— Muke wa mudogo wangu.

— Hapa kuko mabinti wengi. Jina?

Beberu akamvuta nyuma, watu wa mtaa wakashika midomo. Virginie akajikaza, akasimama wima.

— Tamar! akaita kwa sauti yote. Natafuta Tamar, yeye peke yake!

Ndipo mlango ukafunguliwa.