Juzuu Mpya

Rafiki yangu mmoja, fundi cherehani, kwa miaka mingi alimsomea mumewe kwa sauti mfululizo wa vitabu vya majini waliopanga ghorofa mjini. Akinyamaza tu, mume hugonga ubao wa kitanda, maana yake endelea. Mume alipofariki, kitanda alikigawa kwa jamaa na chumba kikabaki kitupu.

Juzuu mpya ilipotoka aliinunua, akawa anaisoma kwa sauti sebuleni.

"Dada, unamsomea nani?" mdogo wake aliyemtembelea akamtania usiku mmoja.

"Mdomo umezoea."

Aliporudi kusoma, umeme ukakatika. Akanyamaza gizani.

Chumbani ubao ukagongwa.

"Subiri umeme urudi," akajibu bila kufikiri.

Mdogo wake akamshika mkono.

Ubao ukagongwa tena, safari hii karibu na mlango.