Chupa Tatu za Chiriku

Fundi alishona nguo za mtaa mzima, na alikuwa na tabia moja: kila alichokata alikiongezea inchi. "Nguo ikizidi naipunguza," alisema. "Ikipungua je?"

Binti yake wa miaka kumi na minne walimwita Chiriku, kwa kuwa hakujua kunyamaza. Lakini kipandauso kilipomshika, nyumba yote ilipoa. Kichwa kilimgonga upande mmoja. Alitapika. Hakutaka mwanga wala mlio wa cherehani. Mwezi mmoja alikosa shule siku sita.

Shangazi yake akaleta chupa ya vidonge vya virutubisho, eti huzuia kipandauso. Mteja akaleta ya pili. Fundi akanunua ya tatu. Kila siku akampa mtoto vya chupa zote tatu, na kwa mazoea yake, akaongeza kimoja kimoja juu.

Siku ya nne asubuhi, Chiriku akapiga kelele chooni.

"Mama! Mkojo wangu umekuwa wa njano, unang'aa!"

Mkasi ukamdondoka Fundi. Kumbe mtoto alikuwa anaharisha pia tangu jana yake, akaficha kwa aibu. Nimemuua mwanangu, Fundi aliwaza. Akazoa chupa zote, akamshika Chiriku mkono, mbio hadi kwa jirani yao muuguzi. Hata kandambili alisahau.

Muuguzi alimpima mtoto mapigo ya moyo, akamnywesha dawa ya chumvichumvi ya kuhara. Kisha akazipanga chupa mezani.

"Hiyo njano isikutishe, dada. Ni vitamini B2 iliyomo kwenye vidonge hivi, ikizidi hutoka na mkojo. Kuhara ndiko kunanitia wasiwasi. Hebu soma nyuma ya chupa."

Fundi akasoma. Ya kwanza, magnesiamu. Ya pili, magnesiamu. Ya tatu, magnesiamu! Macho yakamtoka.

"Lakini picha za mbele si moja! Hii ina ua, hii ina jua..."

"Ukampa vingapi?"

"Kama walivyoandika. Na... kimoja kimoja cha juu."

"Dada yangu! Madini hayo yakizidi sana yanaweza kuvuruga hata moyo, hasa kwa mwenye figo mbovu."

Fundi akaketi sakafuni, akalia.

"Kwa hiyo ni sumu?"

"Si sumu. Huwasaidia baadhi ya vijana, si wote. Lakini daktari ampime kwanza. Yeye ndiye atakayesema kipi, na kiasi gani kwa umri wake. Tena usitegemee nafuu kwa siku nne. Huchukua hata miezi mitatu. Na huyu alale vya kutosha, anywe maji, asiende shule na njaa."

Siku hiyohiyo wakaenda kwa daktari. Chupa zote tatu zikawekwa kando. Kuhara kulipokwisha, daktari akaandika kirutubisho kimoja, kwa kipimo chake. Chiriku akaanza kuandika kwenye daftari kila siku iliyomuuma kichwa. Mwezi wa tatu wa kirutubisho hicho alikosa shule siku moja tu, na kelele zake zikarudi nyumbani.

Siku moja mteja mwingine akaja na chupa mbili mkobani.

"Fundi, wangu naye kichwa kinamsumbua. Nimzidishie kidogo, apone haraka?"

"Anti!" Chiriku akadakia kutoka ndani. "Hata gauni lako mama hakati bila kukupima!"

Fundi akazima cherehani.

"Mchukue mwanao, na chupa zote," alisema. "Twende kwa muuguzi."

Safari hii alivaa kandambili.